Miiba Kwenye Njia ya Mtoni

Mjukuu wangu Kemunto,

Mimi ni mzima, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama yako, binti niliyemsomesha kwa jembe langu, sasa ni mwalimu mkuu. Hapa Suneka wote wamesikia, nimehakikisha.

Unauliza kama jirani anayekatiza shambani kwako ana kosa. Sheria utaijua wewe uliye chuoni. Mimi nakumbuka baba mkwe wangu, enzi za wakoloni, nilipokuwa bibi arusi, nikilima kwenye shamba lake wimbi, ile nafaka ya uji, bora kuliko yote kijijini.

Alichoka kuona wanawake wakipita shambani kwake kwenda mtoni, akaziba njia kwa miiba. "Atakayevuka nampeleka kwa chifu!" Shamba lilikuwa lake, hakuna aliyebisha. Wanawake wakafuata njia ya pili, iliyopita mlangoni pangu.

Jioni mzee akaleta ng'ombe wake kwa njia hiyo ya pili wakanywe maji mtoni, akasimama ghafla. Alikuwa amesahau kwamba nyumba ya mwanawe iko kwenye njia hiyo, na kwetu baba hapiti mlangoni pa mke wa mwanawe. Ng'ombe wakalia kwa kiu. Akarudi kwenye miiba yake, akaanza kuitoa kwa mikono.

Mwanamke mmoja jirani, mwenye mtungi, akamwambia, "Baba, tumwite chifu?"

Mzee akacheka mpaka akakaa chini. "Piteni, akina mama. Ila pembeni, msikanyage wimbi la mkwe wangu."

Wakapita pembeni. Na mbuzi wa watu wakiingia, wapita njia hao hao ndio waliowafukuza. Shamba lilibaki lake, ila sasa lilikuwa na walinzi.

Nakupenda sana,
Bibi yako