Simu Isiyofunguka Mgongo

Jumatano, 19 Juni 2013

Salamu nyingi kwako, daftari. Sijui kuanza kuandika bila salamu, maana maisha yangu yote nimeandika barua tu na orodha ya vitu vya dukani. Mume wangu Reijo hajambo, kiuno kinamsumbua lakini halalamiki. Reijo halalamiki hata akiungua. Binti yetu Roosa mzima, miaka kumi na mitano, kanipita kimo. Mama mkwe, Mama Aune, hajambo huko chumbani kwake, na redio yake haijambo pia, jirani wote ni mashahidi. Paka Misu kanenepa. Nami Tuija ni mzima, ila moyo unaruka kama maji ya viazi yakichemka.

Mwalimu wa kozi ya wasio na kazi anasema tuandike kila siku, hata mstari mmoja, tusiogope makosa. Haya. Naandika!

Habari kubwa: Roosa anapata kipaimara tarehe 30! Jumapili hii anakwenda kambini kando ya ziwa, wiki nzima na kasisi na wenzake, kisha kanisani, kisha sherehe hapa nyumbani. Wageni ishirini na wawili. Keki mbili. Hapana — tatu.

Jambo dogo moja. Jana mezani Roosa kasema kambini wote watakuwa na simu ya tofaa, ile ya Kimarekani yenye alama ya tofaa mgongoni. Nikamwambia, na wewe unayo iliyozaliwa hapa hapa Salo. Ni kweli. Niliinunua kiwandani kwetu, ile bei ya wafanyakazi, na nilipoifungua mgongo nikakuta chini ya betri nukta ya kalamu ya buluu. Nukta yangu! Mimi ndiye mkaguzi wa nukta ya buluu, naitia kila simu niliyoikagua ikawa nzima, miaka kumi na tisa. Katika simu zote zilizopita mbele yangu, ikanirudia hiyo.

Roosa akaipindua simu yake kifudifudi mezani. Sikupenda alivyoipindua.

Ijumaa, 21 Juni — mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi

Seija kaja na viazi vipya na samaki wa siki. Seija ndiye mama wa ubatizo wa Roosa, na tulikaa benchi moja kiwandani tangu sote tuko wembamba. Kavua viatu barazani kama watu wote. Kisha katia simu yake ndani ya kiatu cha kushoto.

Ndiyo sheria ya nyumba hii. Kiwanda kilipofungwa mwaka jana niliapa pale getini, mbele ya watu: simu ya nje haivuki kizingiti changu. Seija alilia pamoja nami, akapangusa machozi, akaenda moja kwa moja mjini kununua tofaa. Yuda!

Tuko mezani, kiatu kikaanza kulia.

"Kiatu chako kinakuita," nikamwambia.

"Mwache alie. Kashazoea kulala nje kama mbwa." Akajipakulia viazi. "Shoga, mpaka lini? Kampuni imeondoka bila kwaheri, wewe bado unaitengea sahani."

"Mwacha asili ni mtumwa."

"Na anayeng'ang'ania asili iliyomkimbia, huyo ni nani?"

Mama Aune akacheka mpaka meno yakamcheza. Reijo akatoka kwenda kutazama moto wa sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Baadaye ndani ya sauna, mimi na Roosa peke yetu. Ndiko huniambia mambo, kwenye mvuke, hatutazamani. Akasema, "Mama, sisemi ile ni nzuri kuliko hii. Ila picha zao zote wanaziweka kwenye programu moja, nayo kwenye yangu haiingii. Asubuhi wanacheka kitu ambacho mimi sijakiona."

Nikamwagia mawe maji. Nikamwagia tena.

Jumapili, 23 Juni

Kaondoka! Basi la kanisa. Nimemtilia soksi jozi nane, dawa ya mbu, maandazi ya iliki. Kasema mama, naenda wiki moja, siendi vitani. Kasisi kaeleza: simu zote zinakaa kwenye kikapu, wanarudishiwa jioni saa moja, saa mbili kikapu kinapita tena. Vizuri. Vizuri?

Nimemtazama akipanda. Wasichana wanne walikuwa na simu mkononi, tofaa linang'aa nyuma. Yeye kaitia yake mfukoni hadi chini kabisa.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefanya jambo baya! Utanisamehe mwandiko, daftari, naandika mbio.

Nilikwenda kabatini kutoa kitambaa cheupe cha meza, nikipige pasi kwa ajili ya sherehe. Chini ya kitambaa, kisanduku. Cheupe, kizuri. Kadi juu yake: Kwa Roosa, kutoka kwa mama wa ubatizo na baba.

Na BABA! Reijo! Mtu asiyeweza kuficha hata mafua yake!

Nikafungua. Simu ya tofaa! Ilikuwa kitu cha kupendeza, nitasema kweli maana hapa hasomi mtu. Nzito kidogo, laini. Kioo mbele, kioo nyuma. Nani anaweka kioo mgongoni?

Sasa, sisi watu wa mstari ule wa kiwandani tuna ugonjwa wetu. Ukitupa simu mkononi, kabla ya kusema ahsante tunaifungua mgongo, tunatoa betri, tunasoma imezaliwa wapi. Hata harusini. Ya kasisi tuliifungua kwenye mazishi ya Pertti wa bohari, na kasisi mwenyewe akasogea kusoma. Ni kama kumwuliza mgeni kwenu wapi. Kwa hiyo mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda wenyewe kwenye droo ya vijiko kuchukua kijiti changu cha plastiki, kile cha kazini. Nikatafuta mahali pa kushika. Hapana. Nikazunguka ukingo wote. Hapana. Nikabana kwa nguvu kidogo.

Krak.

Nyufa kutoka kona hadi kwenye tofaa. Nimeirudisha kisandukuni na kitambaa juu. Nimepika kahawa, nimesahau kutia kahawa.

Jumanne, 25 Juni

Ujumbe wa Roosa jana jioni: Sawa huku. Mbu wengi. Basi, maneno manne! Yuko na nani? Anacheka, au wanamcheka? Kaficha simu mfukoni mpaka sasa?

Nimemwambia Reijo. Kaitazama simu. Kanitazama mimi. "Haya basi," akasema, akatoka kupasua kuni. Karudi baada ya nusu saa, shoka mkononi. "Mwambie Seija wewe. Mimi namwogopa."

Nikamwuliza, mbona hukuniambia kama mnanunua? Akasema, "Ungekataa." Nikasema, naam, ningekataa! Akasema, "Na mtoto angeendelea kuficha simu."

Kumbe naye kaona. Nilidhani ni mimi tu.

Jumatano, 26 Juni

Seija kaja. Nilimweleza yote akiwa amesimama barazani, ili awe karibu na njia akitaka kuondoka.

"We mwanamke! Umeifungua au umeipiga kwa nyundo?" Akaketi kwenye ngazi, akacheka hadi akashika ubavu. Mimi nalia, yeye anacheka.

Nikajitetea. Nikasema simu isiyofunguka mgongo haijui kwao.

Akafuta macho, akaigeuza kwa chini, akanionyesha pale panapoingia waya wa chaji. Parafujo mbili, ndogo kama mbegu za stroberi, huku na huku. "Inafunguka, shoga yangu. Unazitoa hizi mbili, unasukuma mgongo kwa juu, umekwisha. Wewe hukupiga hodi mlangoni. Umevunja dirisha."

Parafujo mbili tu! Na mimi mkaguzi!

Anasema mjini Turku wanauza mgongo mpya wa kioo na bisibisi yake. Kesho anakwenda. Fundi wa kule atatengeneza kwa siku tano, na siku tano hatuna. Akanitazama mikono. Mimi nikaitazama pia.

Alhamisi, 27 Juni

Leo! Leo, leo, leo!

Seija karudi kutoka Turku na mgongo mpya. Nikatandika taulo jeupe mezani, taa ya kusomea ya Mama Aune, miwani miwili. Nikashika bisibisi, nikaogopa. Nikasema, "Lete na ya kwako, nione nzima inavyokaa."

Seija akanikazia macho. "Ipo kwenye kiatu."

"Najua ilipo. Ilete."

Akaenda barazani, akarudi ameishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Akasimama kizingitini. Akanyanyua mguu juu, kwa makusudi, akavuka! Mama Aune alikuwa akipita na kikombe. Kaitazama. "Ndiyo yule ibilisi wenu? Mbona mdogo?"

Nikaanza na ya Roosa. Parafujo ya kwanza. Ya pili. Nikasukuma kwa dole gumba — mgongo ukateleza kama mfuniko wa sanduku la dhumna. Basi! Ndani kila kitu mahali pake, kimepangwa vizuri, nami nikajikuta nasema kwa sauti, vizuri, vizuri. Betri ndefu, nyeusi. Imeunganishwa China. Nilitaka kukasirika, maana huko ndiko kazi yetu ilikokwenda. Hasira haikuja kwa wakati. Maana pembeni, karibu na kijiparafujo kimoja, nikaona nukta ya kalamu. Nyekundu. Imekwenda kidogo upande wa kulia, kama ya mtu anayefanya haraka, karibu na mwisho wa zamu, mabega yanauma.

Nikamwonyesha Seija. Akaninyang'anya miwani, akainama kuitazama mwenyewe.

Kisha akategesha saa ya kuchemshia mayai. "Haya, mkaguzi. Tuone kama umezeeka." Mgongo mpya, sukuma, parafujo, parafujo. Nikapitisha kidole ukingoni. Dakika moja na nusu! Tukapiga makofi kama watoto. Mikono haikusahau, daftari. Mwaka mzima nimeipa vyombo na kufuma soksi, nayo ilikuwa inangoja tu.

Kabla ya kufunga nilichukua kalamu ya buluu. Sitaandika nilifanya nini.

Ijumaa, 28 Juni

Nimeoka tangu alfajiri. Nimepanga nimkabidhi mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya wageni wote. Nimejizoeza mbele ya paka. Nimefurahi kama vile kipaimara ni changu!

Mchana kasisi kapiga simu, kuhusu mikate ya kunywea kahawa kanisani. Alipomaliza ya mikate akauliza, "Wewe ndiye mama mwenye nukta?"

Nikashika kiti.

Kasema juzi, saa ya simu, msichana mmoja kamcheka Roosa: hiyo simu bibi yako kakurithisha? Roosa akaifungua mgongo mbele ya bweni zima, akatoa betri. "Hii nukta kaiweka mama yangu. Ya kwako kaiweka nani?" Wote wakaanza kugeuza simu zao, wanatafuta pa kufungua, hawapati. Kasisi anasema ilibidi awakataze visu vya siagi.

Nimecheka. Nimelia. Kisha nikaketi ghafla kwenye gunia la viazi.

Maana sasa je? Nimeshusha kiapo changu, na mtoto kakiokota! Nikimpa tofaa mbele ya watu, nitakuwa nimemwaibisha, katetea nukta yangu mbele ya wenzake halafu mama mwenyewe anamwambia itupe. Nisipompa, atabaki nje ya picha zao kwa ajili yangu, na atasema sawa mama, kwa ile sauti. Na kama alisema vile kwa uchungu tu? Mtu akitukanwa mama hutetea hata asichokipenda.

Reijo: "Muulize mwenyewe."

Seija: "Usimuulize! Zawadi haiulizwi!"

Mama Aune: "Mimi nipeni hiyo ya ibilisi, itasikika redio?"

Jumamosi, 29 Juni

Kitambaa kimepigwa pasi. Keki ya mkate na samaki iko kwenye friji, ya stroberi naipamba kesho. Sikulala vizuri. Reijo kasema kweli. Kama nimejifunza kitu wiki hii ni kupiga hodi.

Jioni. Tumekaa wote mezani, mimi, Reijo, Seija, Mama Aune. Simu ya Seija iko mezani karibu na sukari, hakuna aliyesema lolote. Saa moja na dakika tano nikaandika kwa simu yangu ya zamani, kidole kimoja, Seija akinikosoa herufi nami nikimfukuza:

Roosa mwanangu, baba anakusalimu, Seija anakusalimu, bibi na redio yake wanakusalimu, Misu naye. Kesho ndiyo siku yako. Hapa kabatini ipo simu ya tofaa, zawadi yako ya kipaimara kutoka kwa Seija na baba. Na mimi nimekubali, kwa moyo mweupe. Ukiitaka ni yako, ukitaka kubaki na ya nukta ni sawa vile vile, hakuna atakayenuna. Usinijibu la kunifurahisha. Sema la kweli. Nijibu upesi.

Nimetuma. Saa moja na robo. Na nusu. Reijo kapasua kijiti cha meno vipande vinne. Mama Aune kazima redio — kwa hiari yake!

Saa moja na dakika hamsini na mbili. Imetetemeka. Kitambaa cheupe kimetetemeka nayo. Wote wanasema soma, soma! Nimesoma peke yangu kwanza. Nimesoma tena. Nanakili hapa kama ilivyo, maana Seija anajaribu kuninyang'anya:

Mama!!! Kwanza niambie ukweli, umeshaifungua mgongo, ina nukta yako? Nijibu haraka kikapu kinakuja!