Sura ya Kumi na Nne Haikupotea Posta

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha uchapaji,
S.L.P. 61.
9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Hujambo? Goti limepona? Shemeji bado anakoroma? Mimi namshukuru Mungu, ingawa moyo umechoka. Daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi.

Siku hizi nalala mchana kutwa, na nikilala naingia ndani ya riwaya yetu. Unaikumbuka? Sura za witiri zilikuwa zangu: fundi saa katika mji ambamo jua lilisimama utosini. Za shufwa zako: mshonaji aishiye chini ya ziwa. Kanuni ilikuwa moja, sauti inayofunga sura ya mmoja ndiyo ifungue ya mwenzake. Mkasi ukianguka kwako, fundi wangu aliusikia ukilia nyuma ya ukuta. Ndivyo tulivyosuka dunia mbili kwa stempu za posta, hadi ikabaki kidogo tu zikutane.

Chiriku, nilikudanganya. Sura yako ya kumi na nne haikupotea. Niliisoma nimesimama, bahasha bado mkononi. Mshonaji alipanda ngazi mia tatu kutoka ziwani, nywele zikichuruzika maji, mpaka kwenye mlango wa karakana ya fundi wangu. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika. Mimi, msomi wa familia, msahihishaji wa vitabu vya watu, nikashikwa na wivu. Nikaificha chini ya kamusi.

Ulisema huwezi kuiandika mara mbili. Hukuandika tena. Miaka thelathini na moja.

Jana binti yangu aliikuta.

“Baba, si hii ile iliyopotea posta?”

“Posta ilikuwa mimi.”

“Shangazi atakuua!”

“Basi awahi.”

Tulicheka, kisha nikalia. Nisamehe, mdogo wangu.

Nimeifunga humu, haijapungua hata ukurasa. Yako inaishia pale mshonaji anaposema “Hodi”. Ya kumi na tano ilikuwa zamu yangu, na nimeiandika leo. Iko hapo chini. Ya kumi na sita ni yako, nami nitajitahidi kuingoja.

Nisalimie shemeji na wajukuu. Binti yangu anakubusu mikono. Mungu akulinde, akurudishie kalamu niliyokunyang’anya.

Wako akupendaye hadi ukurasa wa mwisho,
Kaka yako

SURA YA KUMI NA TANO

“Karibu.”