Upande wa Pili wa Kaseti ya Mwalimu Athanasi

Umetimia mwaka mmoja sasa, Mwalimu Athanasi Ndalahwa, Baba Kija wetu, tangu jioni ile ulipozima redio darasani ukasema, "Upande wa pili Jumatano." Jumatano hiyo haikukukuta. Jumatatu ulianguka kwenye miche yako ya mipapai, kopo la maji likiwa mkononi, na Jumanne, tarehe 30 Aprili 2024, ukatutoka hospitalini Bariadi. Presha, walisema. Wewe ambaye hata sauti ulikuwa huipandishi.

Tunakukumbuka kwa mengi. Lakini kuna moja ambalo mkeo Felisita, anayeandika haya kwa niaba ya familia, ameshindwa kulibeba peke yake. Ule upande wa pili wa kaseti yako hatujausikia mpaka leo, na hatutausikia tena. Sababu yake utaipata hapo mbele, akishapata nguvu ya kuitaja.

Kwanza ujue kwamba darasa lako lipo. Kila Jumatano saa kumi na moja jioni, watoto wakishatoka, watu wazima wa Nkololo bado wanaingia chumba kile cha darasa la nne na kukunja magoti kwenye madawati ya watoto. Lukresia anakuja na beseni lake la dagaa na kuliacha nje ya mlango, kama ulivyomwamuru, maana ulisema harufu ya dagaa inashindana na zeze. Ngeleja anatoka machungani na fimbo yake, anaiegemeza ukutani. Mkeo anakaa dawati la mbele, kushoto. "Mwadila," wanasalimiana kwa Kisukuma. "Mwadila," wanaitikiana. Kisha wanaitazama meza yako. Hakuna anayejua kinachofuata.

Ulistaafu ualimu ukiwa na redio kaseti moja, boksi la kaseti za muziki wa kale wa Ulaya, na daftari la falsafa uliloandika seminari, kabla hujaacha safari ya upadri ukaja Ipililo kumchumbia Felisita. Ulipotangaza masomo ya jioni kwa watu wazima, watu walicheka. Walisema mwalimu mzima, badala ya kufundisha kilimo cha pamba, anafundisha kusikiliza vinanda na kuuliza maswali yasiyo na jibu. Ukawajibu, "Pamba mnaijua kuliko mimi."

Nusu saa ilikuwa ya muziki, kwa sababu ya betri. Nusu saa ilikuwa ya falsafa, kwa sababu ya giza. Uliandika swali moja tu ubaoni, kwa mwandiko wako uliolala kulia kama mtama uliopigwa na upepo. Tunalikumbuka lile la ng'ombe: akipotea na hakuna anayemtafuta, amepotea, au amekwenda tu? Ngeleja alisimama wa kwanza.

"Mwalimu, ng'ombe asiyetafutwa hayupo. Hapa kwetu hayupo, kweli gete."

"Na huko aliko, mwenyewe anajua kwamba amepotea?"

"Huko aliko ameshaliwa."

Ulicheka mpaka ukavua miwani. Ulirudi nyumbani bado unacheka, unga wa chaki kwenye nyusi, ukamsimulia mkeo hadithi yote wakati na yeye alikuwepo, amekaa mbele kabisa.

Hukuwahi kumpendelea. Alipokuomba umsikilizishe kaseti nyumbani kabla ya wengine, ulikataa. "Mama Kija, kwenye muziki wewe ni mwanafunzi kama Ngeleja."

"Na hapa jikoni?"

"Hapa jikoni mwanafunzi ni mimi." Na kweli ulikuwa unamenya vitunguu, vibaya, lakini unamenya.

Sasa ile Jumatano ya mwisho. Kaseti uliyoileta siku hiyo uliachiwa na padri mzee aliyekufundisha kinanda, naye alishafariki. Haikuwa na jina. Ilikuwa na A upande mmoja na B upande mwingine, basi. Ulisema, "Humu mna kinanda kimoja na kundi zima la wapigaji. Sikilizeni wanavyozungumza." Ukabonyeza. Kundi likaanza, ungedhani watu sitini. Halafu kikaingia kinanda peke yake, taratibu, kama mtu aliyechelewa msibani.

Dakika tano hazijaisha, Limbu, ambaye babu yake alikuwa manju wa ngoma, akanyanyuka.

"Mwalimu, haya ni mashindano!"

Kwetu ngoma mbili zikikutana uwanjani, Wagika huku na Wagalu kule, zinapigwa kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wanamkimbilia. Hivyo ndivyo darasa zima lilivyosikia. Ngeleja, kwa kuwa ni Mgika, akakichukua kinanda. Limbu Mgalu akachukua kundi. Kufumba na kufumbua nusu ya darasa imehamia upande wa dirisha na nusu upande wa mlango.

"Mmoja kwa sitini?" Lukresia akasema. "Huyo wa kinanda ana dawa."

"Hana dawa. Ana vidole," akajibu Ngeleja.

"Watu wamekimbilia wapi sasa? Mbona hatuwasikii?" Lukresia akauliza.

"Nyamazeni! Mtu amekohoa. Amekohoa upande wa kinanda," Ngeleja akadakia.

"Mmoja tu!" Limbu akacheka.

"Mmoja ni mwanzo."

Ungeweza kuwasahihisha, Baba Kija. Hukuwasahihisha. Ulikaa juu ya meza, miguu inaning'inia, ukawasikiliza wao kuliko ulivyoisikiliza kaseti. Ghafla upande wa A ukakatika, tak, kinanda kikiwa juu kabisa na kundi linakikaribia. Darasa likapiga kelele. "Geuza! Geuza, Mwalimu!"

"Betri ni za nusu saa. Mwenye haraka akalale." Ukachukua chaki ukaandika: Wimbo uliokatika, mwisho wake upo au haupo? Mje na jibu Jumatano.

Jioni hiyo mkeo alikupakulia ugali na mlenda, akakuuliza, "Baba Kija, nani alishinda?"

"Jumatano, mwanafunzi," ukamwambia. Hapo hapo jikoni, mahali ulipoahidi kwamba mwanafunzi ni wewe.

Tulikuzika Alhamisi. Siku ya kumaliza matanga, mdogo wako Bundala alimfuata mkeo nyuma ya nyumba. Kweleakwelea walikuwa wameshuka kwenye mpunga kama wingu. "Shemeji," alisema, "zile kaseti za kaka bado zina kazi?" Unajua mwenyewe, ukanda wa kaseti ukivutwa juu ya majaruba unalia kwa upepo, na ndege hawatui. Mkeo aliamini kaseti yako ya kinanda imo ndani ya redio, maana kila baada ya somo ulikuwa unaiacha kaseti ya siku hiyo humo isiingie vumbi. Akamwambia, "Chukua zote zilizo kwenye boksi. Watoto wapate wali." Hata hakugeuka. Alikuwa anasugua masufuria ya msiba.

Mwezi wa saba ndipo alipopata moyo wa kuibonyeza redio. Ikaimba kwaya. Jumamosi ile kabla hujaanguka uliwafundisha wanakwaya, ukaingiza kaseti yao, na ile ya padri ukailaza kwenye boksi.

Ni mimi, Baba Kija. Si Bundala. Bundala aliuliza, mimi ndiye niliyetoa.

Mkeo alikwenda shambani siku hiyo hiyo ya redio. Mpunga ulishavunwa, na Bundala alikuwa ameuzungusha ukanda kwenye kijiti kwa ajili ya msimu mwingine, vipande vipande, vimeungwa kwa mafundo, vingine vimekuwa vyeupe. Mkeo alikata kipande akakipeleka Bariadi kwa fundi redio, kimefungwa kwenye kitambaa cha kanisani. Fundi alikinyoosha kwenye mwanga, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hapa hakuna sauti. Jua limeshainywa."

Mkeo akampigia mjukuu wako Violeth, Mwanza. Violeth akasema siku hizi simu inautambua wimbo wowote. "Inaitwaje, bibi?" Haina jina. "Basi nikuwekee simu, uimbe." Akaimba, hapo uani, kuku wakimtazama, alivyokumbuka kinanda kinavyoingia.

"Bibi, simu inasema hiyo ni pambio."

Akaimba tena. Simu ikataja pambio lingine.

Tangu hapo, kila Jumatano, wanafunzi wako wakimwita mama na kumuuliza, "Mayu, imeonekana?" yeye anajibu, "Inatafutwa." Miezi tisa, inatafutwa. Alikwenda kuungama. Padri alimwambia, "Mama, hilo si dhambi, ulikuwa kwenye majonzi." Lakini padri si Mgika wala si Mgalu. Hajui watu wazima wanavyoweza kukaa mwaka mzima wakisubiri kujua nani alishinda, wakibishana kisimani na mnadani, wakipatana, wakibishana tena.

Jumatano iliyopita mkeo alisimama mbele, pale uliposimama wewe, akawaambia yote. Lukresia akafunika uso kwa kanga. Ngeleja akauokota ufagio wa darasa akauweka tena alipoutoa.

Limbu ndiye aliyeuliza. "Mayu, ukanda wenyewe sasa uko wapi?"

"Uko mpungani. Bundala ameuvuta tena wiki iliyopita."

Walitoka wote kumi na mmoja, wakapita nyuma ya shule mpaka kwenye majaruba yako, na bila mtu kuwapanga wakagawanyika, wa Limbu tuta la huku, wa Ngeleja tuta la kule, mpunga katikati yao na ukanda juu yake. Mkeo alibaki kichwani mwa shamba na Bundala. Wakatega masikio.

Upepo haukuja. Siku zote hapo kuna upepo, lakini jioni ile haukuja. Ukanda ulining'inia tu, ukimetameta kidogo. Kweleakwelea wawili wakatua, wakala, na hakuna aliyewafukuza. Walisimama mpaka jua likazama na miguu ikaingia baridi ya maji.

Mwishowe Limbu akasema kutoka tuta lake, taratibu, "Basi. Wametoka sare."

"Sare gani?" Ngeleja akajibu kutoka la kwake. "Haijaisha."

Hakuna aliyembishia, hata Limbu.

Leo ni Jumatano, Baba Kija. Asubuhi kuna misa yako kigangoni. Saa kumi na moja kuna darasa. Swali lako bado liko ubaoni. Mwalimu wa darasa la nne anaandika hesabu zake pembeni, na chaki ikififia mkeo anapitisha tena juu ya herufi zako, kwa mkono wake wa darasa la saba. Jibu hana. Kama ulikuwa nalo, uliondoka nalo.

Unakumbukwa na mkeo Felisita. Binti yako Kija na mumewe. Mdogo wako Bundala, ambaye hana kosa lolote. Wajukuu zako Violeth na Winnie. Na wanafunzi wako Ngeleja, Limbu, Lukresia na wenzao wote wa Jumatano.

Hatutakusahau kamwe, Mwalimu. Tutakuwa tumekaa, wengine upande wa dirisha, wengine upande wa mlango.