Mayu Aliniuliza Kama Nimelikwaruza

Jumamosi, Nkoma. Upepo tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye chai. Leo nimelia, lakini jioni hii sina huzuni.

Nimekuja likizo kumsaidia mayu, mama yangu, kuvuna pamba. Mama huyu amenisukuma hadi masomo ya udaktari wa fizikia, ughaibuni, bila kujua hasa nasoma nini. Juzi, tukitenga pamba safi na fifi, ile chafu, akaniuliza.

Nikamweleza kwa Kisukuma, kwa mara ya kwanza maishani. Kwamba kuna madini ambayo ukiyapoza sana yanapitisha umeme bila kupoteza chochote. Kwamba machache kati yake, kwenye uso wake, elektroni zina mwenendo wa peke yake, tofauti na za ndani. Na hali hiyo ya usoni haifutiki kirahisi, kwa sababu inatokana na maumbile ya ndani ya jiwe lenyewe. Mwaka mzima nimeamini jiwe langu linayo.

"Ukilikwaruza, bado ipo?"

"Inatakiwa iwepo, mayu."

"Umelikwaruza?"

Sikuwa nimelikwaruza.

Niliogopa. Msimamizi wangu alishasema kwamba alama niliyoiona kwenye vipimo huenda ni uchafu tu, nami nikawa natafuta visingizio vya kutolipasua jiwe nikapima uso mpya. Siku ileile nikamwandikia mwenzangu wa maabara anifanyie.

Jibu limekuja leo mchana. Uso mpya, alama hakuna.

Ulikuwa uchafu.

Nikaangukia lundo la pamba nikalia. Mayu akaja mbio akidhani kuna msiba. Nilipomweleza, akakaa kando yangu, akaanza kunitoa pamba kwenye nywele.

"Kwa hiyo hakuna aliyekufa, ng'wanone?"

"Hakuna."

"Basi njoo ule michembe."

Nikala vile viazi vikavu. Kisha nikamwandikia msimamizi ukweli wote, mayu kanishika bega, anaangalia simu kana kwamba anasoma Kiingereza. Nampenda mama huyu.

Jioni jirani akapita, akamuuliza mayu binti yake anasomea nini hasa. Nikiwa ndani nilimsikia akieleza yote, baridi, umeme, uso wa jiwe, bila kukosea. Akamalizia:

"Hilo la kwanza lilikuwa chafu. Anatafuta lingine."

Mimi nilikuwa bado sijaamua.

Sasa nimeamua.