Mashine ya Karimbhai na Wimbo wa Kusaga

Jumatatu, 5 Juni 1972

Karanga tangu asubuhi. Gunia la tatu tangu wiki jana. Gumba la kulia limepasuka tena, pale pale lilipopasuka wiki jana. Nimepaka mafuta nikaendelea kumenya.

Shamba letu la ujamaa la akina mama limezaa vizuri mwaka huu, alhamdulillahi. Tatizo ndilo hilo. Karanga zimeongezeka, mikono ni ile ile. Tusipomaliza kumenya tutaziuza na maganda yake kwa bei ya kutupa, kama mwaka jana.

Mama mkwe wangu, Bi Kabula, hawezi tena. Magumba yake yote mawili yamechanika, nyama nyekundu inaonekana. Ukimwambia apumzike anakasirika. Leo nimemkuta anamenya kwa meno. Na huyu ndiye aliyekuwa msusi wa Goweko nzima! Sasa hata nywele zake mwenyewe anazifunika kitambaa tu. Mimi hajanisuka hata siku moja. Nilipoolewa hapa kutoka Tabora mjini alisema kichwa cha mtoto wa mjini hakijui. Miaka sita imepita.

Kikao cha jana kimeniagiza nikatazame mashine ya kumenya karanga mjini. Nikisema inafaa, kikundi kinanunua. Nikisema haifai, akiba yetu inakwenda kwenye mabati ya bani la kukaushia tumbaku. Ndivyo anavyotaka Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shija. Mwisho wa kuamua ni Saba Saba.

Kwa nini mimi? Mkokoteni wa mwaka juzi niliuchagua mimi, kwa sababu ulikuwa rahisi. Gurudumu liling'oka siku ya tatu. Tangu hapo jina langu ni Bi Rahisi. Wengine wamenichagua ili wapate kucheka mara ya pili, nawajua. Hawatacheka.

Alhamisi, 8 Juni

Treni ya asubuhi hadi Tabora. Duka la Karimbhai, lile ambalo marehemu baba alishona nguo barazani kwake miaka ishirini. Mashine ziko mbili. Kubwa ni chuma tupu, nzuri, na hatuiwezi hata tukiuza shamba. Ndogo ni sanduku la bati juu ya miguu ya mbao. Kuna mkono wa kuzungushia, ndani pipa dogo lenye meno, chini chekeche la waya. Nimeitikisa. Ikalia kama debe la misumari.

Nikamwambia Karimbhai sinunui kitu ambacho sijakifanyia kazi. Nipe niende nayo nijaribu. Alinitazama sana. Kisha akasema, "Chukua, binti wa fundi. Mwisho siku moja kabla ya Saba Saba. Lakini ukiivunja, umeinunua."

Nimerudi nayo ndani ya behewa, nimeikumbatia njia nzima. Abiria mmoja aliuliza kama ni kinanda.

Jumamosi, 10 Juni

Aibu.

Walikuja wote, hata wanaume waliokuwa na kazi zao. Nyanzala akashika mkono wa mashine, maana ana nguvu kutuzidi sote, na ndiye manju wetu: yeye huanzisha wimbo, sisi huitikia. Hapa kazi ya pamoja haianzi bila wimbo. Akaanzisha ule wa kutwanga, tukapiga makofi, mashine ikavuma. Ilipendeza kutazama.

Tukafungua chini. Karibu nusu ya punje zimepasuka vipande. Karanga iliyopasuka mnunuzi haitaki, na ukiipanda haioti. Mzee Shija aliokota kipande kimoja, akakiweka kiganjani kwangu. Bi Rahisi, akasema mtu nyuma. Nimemjua kwa sauti.

Jumapili, 11 Juni

Nina hasira. Sijalala vizuri. Sijakubali.

Jumatano, 14 Juni

Nimeamua kuifanyia mtihani. Nyuma ya nyumba, peke yangu, kibaba kimoja kimoja. Jambo moja kwa wakati mmoja.

Kwanza karanga zilizonyunyiziwa maji, kama tunavyozilainisha ili zisiumize vidole. Mbaya kabisa. Maganda yakawa uji, chekeche likaziba. Kumbe maji ni ya vidole, si ya mashine. Nimepoteza saa nzima kulizibua kwa kijiti.

Kisha karanga kavu zilizoanikwa siku mbili. Vizuri! Punje zilizopasuka ni chache, hata kwa mkono huvunjika kiasi hicho. Nikarudia. Vizuri tena. Nikarudia mara ya tatu kwa sababu siiamini furaha yangu.

Nimepata dawa, ni ukavu. Nimewaambia wenzangu waanike gunia zima. Ijumaa tunajaribu mbele ya watu.

Ijumaa, 16 Juni

Karanga kavu kama changarawe. Watu wale wale. Nyanzala yule yule. Nusu zimepasuka tena.

Na skrubu mbili zimeruka, moja tumeipata kwenye mchanga, nyingine hatukuipata.

Nilimgeukia Nyanzala mbele ya kila mtu nikamwambia anazungusha kama anafukuza nyoka. Akaachia mkono wa mashine. "Kwa hiyo mbovu ni mimi?" Akachukua khanga yake akaenda zake. Wanawake wanne wakamfuata. Nilisema kwa hasira, na hasira hasara, baba alinifundisha hilo tangu mdogo. Sikuenda kumwita.

Mzee Shija amesema nirudishe bati hili mapema kabla halijavunjika likawa mali yetu. Akasema, "Ndugu Zena, kujaribu si kosa." Alisema kwa upole. Upole wake umeniuma kuliko kicheko cha wale wengine.

Jumamosi, 17 Juni

Tumemenya kwa mkono, tumekuwa saba tu. Nyanzala hakuja. Hakuna aliyeimba. Kazi imekwenda polepole mno.

Jumatatu, 19 Juni

Nikiwa peke yangu, nzuri. Nikiwa na watu, mbaya. Karanga zile zile, chekeche lile lile. Je, mashine hii ina kijicho na watu? Nimeandika upuuzi huo halafu nikacheka mwenyewe. Nitaikazia skrubu kwa vipande vya ngozi ya ng'ombe, angalau isizidi kulegea. Bado siku kumi na saba, na mimi sirudishi kitu nisichokielewa.

Jumanne, 20 Juni

Niandike upesi kabla sijasahau lolote.

Nimetoka kisimani nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kigoda mbele ya mashine. Hakuna aliyemwambia. Magumba amefunga vitambaa, anazungusha mkono wa mashine kwa kiganja, vidole havigusi kitu. Macho amefumba. Anaimba. Wimbo sikuujua. Mzito, mrefu, unakwenda na kurudi, na mkono wa mashine unakwenda nao.

Niliogopa kumkatiza. Nikakaa chini nikafungua chekeche. Punje nzima. Nzima, nzima, nzima. Nilichambua kibaba kizima nikapata zilizopasuka za kujaza kiganja kimoja tu.

"Shikamoo mama. Huo ni wimbo gani?"

"Marahaba. Wa kusaga."

Wa jiwe la kusagia! Bibi yake aliuimba akisaga unga wa wapagazi waliokuwa wakielekea pwani, mama yake akamrithi. Tangu mashine ya kusaga ifike hapa stesheni hakuna anayesaga kwa jiwe, na wimbo ukakosa kazi. Sisi tumebaki na wa kutwanga tu. Na mchi hauna subira. Ukiimba wimbo wake, mkono unakimbia, utake usitake. Mimi nyuma ya nyumba sikuimba chochote kwa kuwa nilikuwa nahesabu vibaba, kwa hiyo nilizungusha taratibu bila kujua.

Siku kumi natafuta kosa kwenye bati, kwenye maji, kwenye jua. Nimemtukana Nyanzala bure. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, tena vizuri kuliko wote. Nimelia kidogo jikoni, nikasingizia moshi.

Jumatano, 21 Juni

Nimekwenda kwa Nyanzala na kuku na kibaba cha unga. Aliniacha nimesimama uani mpaka akamaliza kufua. Haki yake. Nimesema nimekosa, sikuweka "lakini" popote.

Kuku amepokea. Msamaha hakuutaja. Nilipomweleza habari ya wimbo aliuliza kama kweli mama mkwe anaukumbuka wote. Nikasema wote. Akasema hata yeye aliusikia utotoni, ila maneno ya katikati yamempotea. Jioni alikuja. Wamekaa wawili hadi jua likazama, mmoja anatoa, mwingine anapokea. Mimi nimewapelekea uji nikaondoka, hapo sikuwa na kazi.

Jumamosi, 24 Juni

Jaribio la tatu. Watu wachache, wamechoka na mambo yangu.

Nyanzala akashika mkono wa mashine. Akaanza wimbo mzito. Wasichana walitaka kuukimbiza, akawatazama kwa jicho moja wakatulia. Wazee wawili waliacha kuzungumza. Ni mara ya kwanza kuona kazi yetu inafanywa bila haraka na bado inakwisha.

Gunia moja kabla ya adhuhuri. Kwa mikono lingekula siku mbili za watu wanane. Tumechambua mbele ya Mwenyekiti mwenyewe. Zilizopasuka chache.

Mzee Shija alizunguka mashine mara mbili. Akasema, "Ndugu Zena, sasa umetuletea mashine inayokula nyimbo badala ya mafuta. Siku manju akiugua koo?" Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwani ni swali zuri. Nimemjibu kwamba kila mwanamke wa kikundi atajifunza wimbo huo na kuzungusha kwa zamu. Bila hivyo sitasema inafaa.

Ijumaa, 30 Juni

Magunia tisa wiki hii. Ukweli wote niuandike, mzuri na mbaya.

Miguu ya mbao inacheza. Skrubu zinalegea kila gunia la pili, ngozi imesaidia lakini haiponyi. Chekeche ni jembamba, naona halifiki misimu mitatu. Ukiikimbiza inaharibu. Ukiipa karanga mbichi inaziba. Mtu asiyeijua ataichukia siku ya kwanza, kama mimi.

Upande wa pili: hakuna gumba lililopasuka wiki hii. Hata moja. Nimekagua mikono yote ishirini na minne, wengine wakiniuliza kama nimekuwa daktari.

Mkokoteni niliuchagua kwa bei. Hii nimeichagua kwa kuizungusha. Si mashine nzuri, ila kazi yetu inaiweza, na sisi tunaiweza. Nimewaambia hivyo hivyo kikaoni bila kuipamba. Mikono yote imenyanyuka. Mzee Shija amesema mabati yatasubiri mwaka mwingine, akaandika kwenye daftari lake.

Alhamisi, 6 Julai

Tabora. Karimbhai aliniona nimekuja mikono mitupu akasema, "Umeivunja." Nikasema nimeinunua. Kisha nikamsomea makosa yote ya mashine yake, moja baada ya jingine, mbele ya wateja wake. Alinyoosha mikono juu. Nimetoka na chekeche la akiba na mfuko wa skrubu, bila kuongeza senti.

Nilipita barazani nikasimama kidogo mahali ilipokuwa cherehani ya baba. Sasa pana magunia ya chumvi.

Jumapili, 16 Julai

Upepo, vumbi, hakuna kazi leo. Karanga zimekwisha kumenywa zote. Mashine imefunikwa gunia ndani ya ghala.

Baada ya chai mama mkwe aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, chini ametandika mkeka, kitana mapajani. Vitambaa vya vidoleni hana. Magumba yamefunga, ngozi mpya bado nyororo.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akanivua kitambaa, akapasua njia ya kwanza katikati ya kichwa. Alisuka mpaka jua likawa juu. Aliimba ule wa kusaga, taratibu, na vidole vikienda nao. Katikati ya wimbo alisahau neno moja, nikamkumbusha.