Ekseli ya Neema

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu wa Kasulu leo umegoma kuondoka. Nimefungua kibanda changu cha ufundi, nikakaa, nikakifunga tena. Sina hamu ya kushika chuma.

Neema ameondoka.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: Neema ni binti yangu, yuko darasa la sita, na miguu yake haijawahi kumbeba. Hutembelea baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha kwa mikono. Ekseli ya nyuma ililika, magurudumu yakaanza kucheza, mwisho yakagoma kabisa. Muhula uliopita nilimbeba kwa baiskeli yangu kila asubuhi kabla ya kufungua duka langu la dawa za mifugo, na mara nyingi tulifika wenzake wameshaingia darasani. Hakulalamika. Angelalamika ningeona nafuu.

Ndipo bibi yake wa Nyabibuye, mama wa mke wangu, akasema mtoto akaishi kwake, maana nyumba yake inatazamana na shule. Tukakubaliana: baiskeli ikitembea kabla shule hazijafunguliwa, Neema anabaki. Isipotembea, anakwenda.

Fundi wa Kigoma mjini angeikereza ekseli hiyo asubuhi moja tu. Mke wangu aliniambia. Lakini nina mashine yangu ndogo ya kukereza chuma, inayokizungusha huku kisu kikikichonga, ambayo yeye huiita mke mwenza, na nilitaka Neema atembelee kitu kilichotoka mikononi mwangu. Naweza kusema ni mapenzi. Kulikuwa na majivuno pia, tena mengi.

Shida ni kwamba ncha za ekseli hiyo zimechongoka: zinapungua unene taratibu ili gurudumu likikazwa libane. Mashine yangu hukata unene ule ule mwanzo hadi mwisho. Ili itoe mchongoko, upande mmoja wa chuma lazima usogezwe pembeni kidogo. Basi nikaunda kifaa cha kufungwa mwishoni mwa mashine, chenye kidole cha kushikilia chuma. Unalegeza boliti, unakisogeza kidole, unakaza. Nilijaribu kwenye kipande cha mti wa mkaratusi, nikajaribu kwenye vipande vya nondo, kikafanya kazi. Nilimwita Neema aje aone. Alipapasa ule mchongoko, akacheka, na siku hiyo nilikula ugali kama mtu aliyeshinda kesi.

Jana nilifunga chuma chenyewe, kile kizuri nilichokipata Manyovu kwenye mabaki ya lori. Ncha ya kwanza ilitoka safi. Ya pili nilikuwa nimefika katikati, nikalegeza boliti ili nirekebishe kidogo, ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe uani. Alikuwa amekuja kuona tumefikia wapi.

Kwetu Waha, mkwe hasalimiwi kwa kuchungulia mlangoni. Nilizima mashine, nikanawa grisi hadi viwikoni, nikabadili shati, nikaenda kuchutama mbele yake na kupiga makofi ya taratibu. Tukasalimiana inavyopaswa: watu wa Nyabibuye mmoja mmoja, ng'ombe, mihogo, mvua, aliyejifungua, aliyefiwa. Hakuna aliyeharakisha. Nilirudi kibandani bado namfikiria yule jirani yake aliyefiwa, nikawasha mashine.

Boliti sikuikaza.

Kidole kilihama, chuma kikaruka, kisu kikazama na kukitafuna. Ncha ya pili imebaki na shingo nyembamba ambayo hakuna mzazi angethubutu kumkalisha mtoto juu yake. Kipande kingine cha urefu ule sina.

Mama mkwe alifika mlangoni aliposikia kishindo. Aliniangalia mikono kwanza, kama ni mizima. Kisha akaangalia mashine, akaniuliza nini kimetokea, nikamweleza.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "si ungeniambia tu ningoje?"

Jana hiyo hiyo nilimkasirikia kimoyomoyo kwa kuja saa ile. Leo hasira imeisha na hakuna wa kumbebesha lawama. Angengoja. Angekaa kwenye mkeka na mjukuu wake, wakaongea Kiha chao, na mimi ningekaza boliti yangu. Ni mimi niliyedhani heshima haiwezi kusubiri, huku mtoto nimemfanya asubiri muhula mzima.

Asubuhi hii nilimbeba Neema hadi kwenye gari. Amekuwa mzito, sikuwa nimegundua. Nilimwahidi kwamba baiskeli itamfuata huko. Akajibu, "Sawa, baba," kwa upole ule ule anaomjibu nao mdogo wake anaposema akikua atakuwa rubani. Bibi yake alimfunika kitenge magotini, gari likaondoka.

Tuliporudi nyumbani mke wangu akaniambia jambo ambalo alikuwa amelinyamazia. Neema alifunga begi lake Ijumaa.

Ijumaa chuma kilikuwa bado kizima.

Kesho duka halifunguliwi. Napanda basi la Kigoma kwa fundi, nimpe kazi ambayo ilikuwa yake tangu mwanzo, na ekseli ikiwa tayari nitaifunga na kuipeleka baiskeli Nyabibuye mwenyewe. Je, nitakuta bado ananingoja?