Plastiki Imekubali Tena

Chumba cha juu, nyumba ya fundi cherehani,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo, ila kaka ana mafua na anataka dunia nzima ijue.

Shangazi, leo naandika moyo ukiwa mweupe. Yale maneno yaliyosemwa juu yangu najua yalifika hadi kwako.

Unaijua ile plastiki ninayopika maabara, inayopitisha umeme kama waya lakini inakunjika kama kitambaa. Ndani yake kuna minyororo isiyoonekana kwa macho. Ikikua yote urefu mmoja, umeme unapita vizuri, ikipishana, unakwama. Niliipata ikiwa sawa, nikatangaza mbele ya watu. Niliporudia, ikagoma. Nikarudia tena, ikagoma. Minong'ono ikaanza kwamba nilichopika ni matokeo, si plastiki.

Nilikonda, Shangazi. Profesa akaniita, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali, "Ama irudie, ama tuseme hadharani tulikosea."

Basi nikakagua kila kifaa. Kumbe ni vizibo! Vile vipya vya mpira vilikuwa vinapitisha hewa, na unyevu kidogo tu ukiingia kwenye chupa, minyororo mingine inafia njiani. Nikabadilisha vizibo, lakini sikupika mwenyewe. Nilimwomba mwenzangu tunayemwita Jaji, aliyenisema kuliko wote, apike kwa mikono yake, mimi nikae nje.

Nilikaa kwenye benchi la korido, chai ikapoa mkononi. Jaji akatoka na karatasi ya mashine inayopima urefu wa minyororo: mchoro una kilele kimoja tu, chembamba kama sindano.

"Yote ina urefu mmoja," akasema. "Dada, nilikusema vibaya. Nisamehe."

Nikacheka, nikalia, nikacheka tena, hadi maskini akachanganyikiwa.

Nilimpigia Mama. Wala hakuuliza habari za plastiki. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hawasemi tena?"

Nikamwambia hawasemi tena. Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

Nisalimie baba watoto na wale pacha watundu. Mungu akutunze, akupe usingizi mzuri kama niliopata mimi wiki hii.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye bila kipimo.